Okeyo Ojuok, Kijana Aliyelazwa Mara Tisa

Marehemu Okeyo Ojuok, tunayemsindikiza leo hapa Shirati, alizaliwa tarehe 14 Machi 1998, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu mzee Ojuok Oyoo na mama Dorcas. Aliyemtangulia ni dada yake, Agutu, ambaye ndiye aliyeandika wasifu huu na ndiye anayeusoma.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa nyumbani kuanzia 2005 hadi 2011, akamaliza kidato cha nne mwaka 2015. Mikono yake haikutulia. Akiwa darasa la tano aliifungua redio ya baba yake, akaifunga tena, na skrubu mbili zikabaki. Mzee alipofoka, Okeyo alijibu kwa adabu zote, "Baba, hizo walizidisha kiwandani." Redio ile iliimba miaka sita zaidi.

Mwaka 2016 alikwenda Mwanza kusomea ufundi, kisha akatengeneza injini za boti kwenye mwalo wa Igombe. Wavuvi walikuwa radhi kumsubiri yeye hata mafundi wengine wakiwa wamekaa bure. Alipanga chumba Kiseke, akaishi peke yake. Alimchumbia Prudencia, binti wa Bukoba, lakini hawakufika kwenye ndoa, wala hakujaliwa mtoto.

Baba alipofariki mwaka 2020, Okeyo alianza kunywa, na hakunywa kidogo. Juni 2021 alifikishwa hospitali akiwa hajitambui kwa pombe kali. Aliwekewa dripu, akapata nafuu, dada yake akaenda kumchukua. Mara ya pili akaenda tena. Baada ya mara ya tatu, Agosti 2022, ukoo uliitisha kikao.

"Tunamdekeza huyu," alisema baba mdogo Yakobo. "Safari nyingine asifuatwe na mtu. Akiamka akajikuta peke yake, akili itamrudia." Wote waliitikia. Agutu naye aliitikia, kwa sababu alikuwa amechoka na alikuwa na hasira.

Baada ya kikao kile Okeyo alirudi hospitali mara sita. Kila mara alitoa namba ya dada yake. Simu iliita ofisini kwake Nyamagana, humo humo Mwanza, Agutu akaiona namba ya hospitali, akaigeuza simu kifudifudi mezani mpaka iliponyamaza. Mara tano Okeyo aliruhusiwa, akatoka getini peke yake, akarudi Kiseke kwenye chumba kisicho na wa kumuuliza ameshindaje.

Mara ya mwisho simu iliita mara mbili, dada yake hakupokea. Ya tatu alipokea. Okeyo alikuwa amefariki saa nne asubuhi ile, Jumatano, 9 Oktoba 2024, ini likiwa limeshindwa kazi. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Agutu alipofika hospitali, Nesi Wilhelmina, aliyemhudumia Okeyo mara nyingi, alimkalisha kwenye benchi. "Dada, pole. Mdogo wako hakuwa msumbufu hata kidogo. Akizinduka alikuwa anauliza kitu kimoja tu: 'Kuna mtu amekuja?' Tukimwambia bado, anasema, 'Atakuwa njiani.'"

Kamati ya mazishi ilimtaka Agutu aandike kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi, kama inavyosomwa kwenye misiba mingi. Amekataa. Okeyo aliugua miaka mitatu, na ndugu zake walijua. Amekataa pia kwa sababu hapa uwanjani wapo vijana wengine wanaojulikana wodini kwa majina, na wana dada zao.

Ameacha mama yake Dorcas, dada yake Agutu, baba mdogo Yakobo, na ukoo mzima ambao leo umejaa hapa, zaidi ya watu mia tatu, mabasi mawili kutoka Mwanza peke yake. Wote wamekuja kwa ajili yake.

Okeyo, tumechelewa. Mungu akupe pumziko la amani.