Sauti Alizozisikia Ofumbi Wodi ya Mahututi

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu nyuma ya maegesho ya malori, Busia upande wa Uganda, mahali ambapo kahawa ya tangawizi huisha kabla ya ubishi. Asubuhi hiyo Ofumbi, mwendesha baiskeli waliyembatiza Pasipoti kwa jinsi anavyovuka mpaka mara kumi kwa siku, alirudi kuketi baada ya siku tisa za wodi ya mahututi. Nimonia ilimwangusha, mashine ikampumulia. Sauti bado ilikwaruza, lakini hamu ya kusimulia alikuwa nayo, mradi wamwache aseme.

— Ati walikuingiza mpira kooni? aliuliza Wesonga, dalali wa mahindi aitwaye Waziri.

— Mpaka ndani. Siwezi sema, siwezi meza. Mikono wamefunga, nisiing'oe.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Na kiu, Waziri! Naota ziwa yote ya Majanji, hata tone hakuna.

— Haja ndogo je? alidakia Ekwaro, waliyemwita Daktari kwa sababu anauza sumu ya panya.

— Wameweka mpira ingine.

— Maji hufuata mkondo. Sasa sikiza: ile hewa ya mitungi inatoka Kenya. Umejazwa upepo ya Nairobi!

— Buda, basi mapafu yako ni magendo! aliongeza Waziri.

Ofumbi alicheka nao mpaka kikohozi kikamkunja. Alipopata pumzi, aliinamisha kichwa.

— Kitu moja. Siku ya tano nilichoka, nikataka kwenda zangu. Mara nasikia nyinyi, mnabishana juu ya penalti, hapa kwa sikio. Nikasema, siwezi kufa kabla Waziri ameshindwa.

Kisha Waziri akajikohoza.

— Daktari, si nilikwambia? Sauti yangu ndiyo dawa.

— Yako? Yangu ndiyo ilishtua mashine! Nesi mwenyewe alinikataza kuondoka.

— Na mimi nilikushika mguu, Pasipoti, mpaka ukapata joto, alisema Waziri.

Macho ya Ofumbi yalilowa. Tangu atoke alikuwa akijiuliza kama aliota tu.

Pembeni alisimama Nasirumbi, mwuza dagaa, mgeni pale kijiweni, akipuliza kahawa yake. Alimgeukia Waziri kwa nia njema kabisa.

— Shemeji, hata mama yangu alilazwa wodi ile. Huyu kitanda chake kilikuwa upande gani, dirishani au mlangoni?

Waziri alimtazama Daktari. Daktari aliinua kikombe kilichokwisha kuwa kitupu, akanywa.

Ofumbi naye akangoja jibu.