Kamba wa Ngombezi na Pilau ya Bi. Mumtaz

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi. Hajira Kibwana, fundi wa maabara wa kituo chetu cha utafiti wa samaki hapa Korogwe, anastaafu tarehe 30 Juni. Alianza kwa kuosha chupa. Baadaye ndiye aliyetufundisha sote kushika kamba bila kubanwa na magando, na aliyekuwa akimnyima chai yeyote aliyeingia maabara na mikono michafu, bosi akiwemo.

Kazi iliyompa jina ni ya vinasaba. Mradi mmoja ulitaka kumwaga mtoni, pale Ngombezi, vifaranga wa kamba kutoka pwani. Bi. Hajira aliamini kamba wetu wa maji baridi ni ukoo wao peke yao, na wakishachanganyika na wa pwani ndio basi tena. Akapewa hadi mwisho wa mwaka athibitishe.

Sampuli zilipokamilika, umeme ukakatika. Ilikuwa Ramadhani. Akazikimbiza kwenye friza ya dukani kwa Mzee Mehboob, mwenye jenereta, akaacha mfuko bila maelezo. Bi. Mumtaz, mke wa Mehboob, akadhani ni zawadi ya mwezi mtukufu, na mtaani kwetu zawadi ya jirani hujibiwa. Magharibi akaingia kituoni na sinia la pilau ya kamba. Tulikula, tukasifu. Bi. Hajira aliongeza mara mbili ndipo akauliza kamba wametoka wapi.

“Si hao ulioniletea mwenyewe, dada?”

Tulibaki na matonge mkononi. Bi. Hajira alicheka mpaka akatokwa na machozi, na nadhani mengine hayakuwa ya kicheko.

Idi ilipopita akaanza upya kukusanya kamba, toka Ngombezi hadi Pangani mjini, mto unapoingia baharini, na kila mfuko akauandika kwa wino mwekundu: SI FUTARI. Majibu yalitoka wiki moja kabla ya kikao cha uamuzi. Kamba wa juu na wa pwani waliachana zamani sana. Vifaranga wakapelekwa kwenye mabwawa ya wakulima wa Kwedizinga, Handeni, mbali na mto.

Juzi alikwenda Ngombezi kuaga. Mvuvi Faraji akamwonyesha kamba jike aliyejaa mayai. Bi. Hajira alimtazama sana, kisha akamrudisha majini taratibu.

Bi. Hajira, tunakushukuru kwa moyo wote. Mungu akujalie afya na raha tele huko nyumbani Dindira. Kamba wamebaki kwao. Wapweke ni sisi.