Sabra Asishushwe Mjini: Risala ya Mabinti wa Nyumba ya Mama Eufrazia, Mgeta

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, shikamoo, na pole kwa kilima.

KUKARIBISHA
Tumefarijika kukuona ukihema. Sisi tuliozoea kuruka madirisha na redio za watu mkononi, siku ya kwanza kilima hiki tulikipanda kwa magoti. Jisikie nyumbani. Mkoba wako tumempa Mama Eufrazia akushikie. Usituulize kwa nini.

HISTORIA
Soko huria lilipofika Morogoro, kila mtu alichagua chake: mitumba, sabuni za rangi, redio. Sisi tukachagua unga, ule wa kulevya. Tulitibiwa hospitali, tukapona, tukarudi mitaa ileile, na wiki haikuisha tukawa mateja upya. Ndipo Mama Eufrazia, muuguzi mstaafu, akatufungulia nyumba aliyorithi huku juu, mbali na wauzaji. Kila binti hukaa miezi sita, akilima na kujifunza kuishi bila unga.

MAFANIKIO
Kabichi zetu ni ndogo kama ngumi, kwa hiyo tutakueleza habari za mwenzetu Sabra wa Mwembesongo, mwenye miaka kumi na sita. Baba yake, Mzee Rehani, alipunguzwa kazini. Sabra naye akampunguzia vyombo hadi akakosa kikombe cha chai. Mwezi wake wa tatu hapa, hamu ilimzidi. Aliificha sufuria yetu pekee chini ya majani ya kabichi, akadandia lori la mboga. Kabla hajapata mnunuzi, akagongana na baba yake sokoni.

"Shikamoo baba."

Mzee alikuwa hajaitikia shikamoo yake mwaka mzima. Akaitazama sufuria.

"Marahaba. Ya nani hiyo?"

Sabra hakuwahi kukosa uongo, lakini siku hiyo aliukosa. "Ya wenzangu. Nimeiiba."

Mzee akaipokea, akaibeba mwenyewe. Kesho yake wakapanda wote wawili na lori tupu; mzee akatukabidhi sufuria, akashuka na lori hilohilo.

Basi sisi wezi saba tukakaa kikao kumhukumu mwizi mmoja. Kura zote saba: afukuzwe.

"Sawa," akasema Mama Eufrazia. "Nani atamshusha mjini, kisha arudi?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Sabra akabaki, si kwa huruma yetu, bali kwa kukosa mwaminifu wa kumfukuza. Alilia, akaenda kusonga ugali. Uliungua. Tuliula wote.

MATATIZO
Wanakijiji wametuchoka, nasi hatuwalaumu. Kuku wao wa kwanza waliopotea tunawajua kwa ladha. Tumesikia barua ya kuifunga nyumba hii iko mezani kwako, inasubiri sahihi.

Mwenzetu Mosi alishuka kabla ya miezi sita kutimia. Tulimzika mwezi Machi. Hapo hatuna mzaha.

MAOMBI
Hatuombi jengo wala gari. Gari tungejua la kulifanyia. Tunaomba barua hiyo isisainiwe. Miezi sita ya Sabra inatimia Ijumaa. Jana alimfuata Mama Eufrazia shambani akamwambia, "Mama, bado naogopa. Niongezee mitatu."

Mheshimiwa, ni mara ya kwanza yeyote kati yetu kuomba kitu kisichouzika.

Mungu akushushe salama, ayatunze magoti yako, na aubariki mkono wako uendao kwenye kalamu.

Ni sisi,
Mabinti Wanane wa Nyumba ya Mama Eufrazia, Mgeta.
Imesomwa na Hosiana.