Nizikeni Penye Mwanya wa Lori

Sogeeni, lakini msinisogelee sana, sijafa bado, na wewe kifunguamimba acha kuupima mlango wangu kwa macho kama seremala wa majeneza. Miguu imeniaga, masikio bado yako kazini. Jana uliposimama dirishani na rafiki yako mchoma mkaa, yule mwenye lori na kitambi kama pipa, nilimsikia: "Bi kizee akifumba macho tu, tunapanda kilimani na misumeno." Nawe ukacheka! Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Sikilizeni wanangu. Kilima kile mlikikuta kipara. Baba yenu aliikata miti yote akaolea mke wa pili, ambaye naye alitoroka na dereva, nani hajui, tuyaache. Chemchemi ikakauka, nikawa nagombania dimbwi na mbwa wa watu. Walipokuja wale wa hewa ukaa, wakasema tupande miti ya asili na wenye viwanda vya mbali watatulipa kwa kuwa miti yetu inameza moshi wao, mlicheka hadi mkashika mbavu, mkaniita Mama Muuza Upepo. Haya, upepo huo ndio uliojenga zahanati aliyojifungulia mkeo, wewe uliyecheka kuliko wote, na bomba la kijiji linakunywa chemchemi iliyorudi chini ya miti yangu. Nyuki wamerudi. Hata jirani yangu mwenye ulimi wa upupu amerudi kunijulia hali, kumbe anataka asali.

Na wewe, kifunguamimba, unatangaza kila kikao: "Miti ya asili haikui, tazameni safu yangu ilivyodumaa, heri mkaa." Juzi mkamwana wangu huyu, mjane wa mdogo wako, aling'oa mti mmoja wa safu yako akaniletea. Mizizi imejisokota ndani ya kiriba, kile kifuko cha plastiki cha kuoteshea mche, kama nyoka ndani ya chupa! Uliipanda miche bila kuchana viriba, uwahi kilabuni. Usitikise kichwa, mti uko uvunguni mwangu, inama uutazame. Haukukataa kukua, wewe uliunyonga.

Basi nyumba na ng'ombe gawaneni, mkitaka kutoana macho toaneni, sitakuwepo kuamua. Kilima ni cha mkamwana, aliyechana viriba kwa meno wembe ulipokuwa butu. Mwenyekiti wa kijiji na wazee wameshashuhudia. Ataendelea na mkataba wa hewa ukaa, na fungu la kijiji katika malipo liende kijijini kama siku zote. Mtakaomwita mtu wa kuja, kumbukeni, fisi akimla muwele, mzima funga mlango: muwele ni mimi, mzima ni yeye, na panga analo.

Nipeni maji. Ya chemchemi, siyo ya tangi... Ahaa.

Kaburi langu lisiwe karibu na baba yenu, nimemvumilia inatosha. Nichimbieni pale mwanyani, kati ya yale mawe mawili, ndipo pekee lori linapoweza kupita kupanda kilimani. Juu yangu uwekwe mche, na wewe kifunguamimba ndiye utakayeupanda, watu wote wakikutazama mikono. Ukiupanda sawasawa, radhi yangu unayo, wewe na nyumba yako, nanyi wengine nyote... Mungu awafunike. Na yule mwenye kitambi, akitaka mkaa... mwambie apite juu ya mama yako.

Kiriba, mwanangu... Chana kwanza.