Gari Lililoombewa Ili Lisikaguliwe

Wapendwa wa usharika wetu, nawasalimu kwa jina la Bwana ambaye hakuniacha niaibike hadi mwisho. Asifiwe sana. Mimi ni Anansia, mama wa marehemu Elinami, nyumba ya pili ukishapita dukani kwa Eliakunda, hapa hapa Old Moshi. Shule niliishia darasa la tatu, na nikikasirika sijui kunyamaza. Leo naandika nikiwa na hasira. Mchungaji ameniambia, "Mama Elinami, andika, lakini punguza." Nimepunguza. Haya ndiyo yaliyobaki.

Ndugu zangu, nianze na dhambi yangu, maana huwezi kumsema mwenzako ukajiruka wewe. Mnajua Krismasi ya huku kwetu. Watoto wanapanda kutoka Dar, Arusha na Mwanza na magari yao, na ibada ikiisha macho yote yako uwanjani, nani amekuja na nini. Mwaka juzi Kanaeli, mtoto wa tatu wa jirani yangu Ndeonasia, alikuja na gari kubwa jeupe akaliegesha mlangoni kabisa pa kanisa, mpaka tukawa tunatoka kwa ubavu. Ndeonasia akanishika mkono. "Anansia, panda tukufikishe, miguu hiyo si ya kutembea tena." Nikapanda. Njia nzima anacheka vizuri tu, hana neno baya, na mimi ndani nawaka. Nikajiapiza kwamba Krismasi inayofuata nami nitashushwa na gari la damu yangu.

Damu yangu ni Aikaeli, binti wa Elinami. Nimemlea tangu baba yake alipofariki, yeye yuko darasa la kwanza. Sasa ni mtu mzima, anashona sare za shule pale Kiboriloni. Hajawahi kumiliki hata baiskeli. Akadunduliza miaka, akasema anataka gari lake la kwanza, nalo si gari la kubebea vitambaa. Anataka la spoti, milango miwili, limelala chini kama kenge.

Nikamwuliza, "Vitambaa utaweka wapi?"

"Bibi, vitambaa vinapanda bodaboda. Gari ni la kupanda mimi na moyo wangu."

Bibi mwenye akili angemkanya. Mimi nikamwambia, "Haya, lakini lionekane kabla ya Krismasi."

Na Aika alikuwa mwangalifu, nisimsingizie. Alizunguka yadi tatu za magari yaliyotumika. Alikuwa anaandika kwenye daftari lake la vipimo vya wateja, katikati ya viuno na mabega: hili injini imefunguliwa, hili kadi ina jina la mtu asiyejulikana, hili linavuta upande. Ni mimi niliyemharakisha. Kila siku nampigia simu, "Aika, Desemba hiyo imefika." Ndipo nikamkumbuka Godlisten.

Godlisten ni mtoto wa Ndesario, wa kule juu karibu na msitu. Mama yake, Anaisia, tuliimba naye sauti ya pili kwenye kwaya mpaka Bwana alipomchukua. Huyu mtoto wao ana yadi ya magari mjini, na kwenye maombi ni mtu wa mbele. Nikasema huyu ni wetu, tukimwacha huyu tutamwamini nani?

Tukashuka mjini. Gari likawepo, jekundu, linang'aa hata unaona meno yako. Aika akalizunguka, akakaa, akashika usukani, nikaona uso wake ule wa utotoni. Lakini akashuka, akasema kwa heshima, "Baba, naomba kesho nije na fundi alipandishe, tuone chini."

Godlisten akacheka taratibu. "Aika, mimi ni baba yako. Fundi hajakataliwa. Ila tulikabidhi kwanza kwa Bwana."

Akaweka mkono juu ya boneti. Akatuita tuweke na yetu. Akaomba, ndugu zangu, maombi marefu yenye machozi. Akamtaja Elinami kwa jina. Akasema, "Bwana, huyu yatima leo umemfuta machozi." Mimi nililia mpaka kitenge kikalowa. Amina iliyosikika kuliko zote ilikuwa yangu.

Alipomaliza akafuta uso, akasema, "Sasa binti yangu, tumeshalikabidhi. Fundi ataona nini ambacho Mungu hajakiona?"

Aika akanitazama. Alikuwa anangoja neno langu moja tu. Nikamwambia, "Usituaibishe mbele ya mtumishi wa Mungu. Lipa."

Hapo ndipo nilipomuuza mjukuu wangu. Naliandika kwa mkono wangu mwenyewe ili mlisome.

Nimejiuliza sana kwa nini hatukusema kitu. Ni kwa sababu ya malezi yetu. Tukishasema amina, jambo limefungwa. Anayeuliza baada ya amina ni mtu asiye na imani, na hakuna anayetaka kuonekana hivyo, hasa mbele ya mzee wa maombi. Godlisten amekulia huku, analijua hilo kama mimi. Alilijua akalitumia.

Aika akaanza kutuma pesa kwa simu. Godlisten akasema, "Mama, ingia ukae, upigwe picha ya kumbukumbu." Kuingia kwenye gari lile si kazi, unajiangusha tu. Kazi ni kutoka. Magoti yalikataa. Nikavuta huku, nikasukuma kule, na watu wake wa pale yadini wanacheka, "Bibi kamezwa!" Basi nikageuka, nikatoka kinyumenyume kwa magoti na mikono, makalio yametangulia, bila aibu. Mkono wangu wa kushoto ukateleza chini ya kapeti.

Nikagusa tuta. Tuta jembamba la chuma, limekwenda kutoka mlango hadi mlango. Ndugu zangu, nimefuga ng'ombe maisha yangu yote. Mkono huu unajua mguu uliowahi kuvunjika ukaunga, hata kama ngozi ya juu inang'aa. Nilibaki pale, nusu ndani nusu nje, na moyo wangu ukaambiwa waziwazi: huyu amevunjika.

Nikasema, "Aika, usitume."

"Bibi, nimeshaweka namba ya siri, bado kubonyeza."

"Usibonyeze. Mwite fundi wako Ramadhani."

Godlisten uso ukabadilika. "Mama, jambo limeshaombewa. Utamwita Ramadhani aje kukagua maombi yetu, mtu ambaye hata si wa imani yetu?"

Nikamjibu nikiwa bado nimepiga magoti. "Kama limeombewa, halitaogopa jeki."

Ramadhani ana gereji jirani na cherehani za Aika. Alikuja na pikipiki, akanipa shikamoo, akainua kapeti, akatia jeki, akaingia chini. Tukawa tunasikia anagonga tu. Alipotoka hakumtazama Godlisten, alinitazama mimi.

"Bibi, hapa hakuna gari. Kuna magari mawili yameozeshwa. Mbele ni la ajali moja, nyuma la ajali nyingine, yamechomelewa katikati. Siku huyu dada akikanyaga breki kwenye mteremko wenu, mbele litasimama, nyuma litaendelea na safari."

Godlisten akaanza, "Hata mimi niliuziwa hivyo hivyo, sikujua."

Ramadhani akamwonyesha kidole chake. "Mzee, rangi ya chini bado inanata. Hii ni ya wiki hii."

Aika alikaa chini kwenye changarawe. Mimi niliyasema ya wote wawili, na ndiyo hayo aliyoniomba mchungaji niyapunguze. Mwizi wa kuku anakuja kimya, ana aibu kidogo. Huyu alimtaja mwanangu aliyekufa mbele za Mungu, machozi yakamtoka, huku anajua anamweka mtoto wa marehemu kwenye jeneza jekundu. Sijapoa. Sitaki mtu anipoze.

Jumapili iliyofuata alikuja nyumbani na jani la isale la kuombea msamaha mkononi, na wazee wawili. Mnajua sisi, mwenye isale hafukuzwi. Hata damu imewahi kuisha kwa jani hilo. Nililipokea. Nikasema, "Godlisten mwana wa Ndesario, nimekusamehe, hawa ni mashahidi. Sasa niambie gari liko wapi."



Mzee mmoja akaingilia, "Mama Elinami, ukishapokea isale huulizi tena."

Nikamwambia, "Isale linazima ugomvi wangu na huyu. Haliungi chuma."

Ndipo aliposema kwamba lilishauzwa Ijumaa. Limekwenda Tarakea, kule Rombo, na msichana mmoja aliyetaka la kwendea nyumbani Krismasi. Nikauliza, "Anaitwa nani?" Hakujua. Alimwombea, akachukua pesa yake, jina hakuliweka hata kichwani. Nikamrudishia jani lake mkononi. "Mpelekee yeye. Na pesa yake yote. Ukirudi uniambie jina lake."

Amekwenda mara mbili, amerudi mikono mitupu. Anasema hampati.

Krismasi ile tulikwenda kanisani kwa miguu, mimi na Aika, na nilimshukuru Bwana kila hatua. Mwezi wa pili akanunua gari jingine, baada ya Ramadhani kulala chini yake asubuhi nzima. Lina mikwaruzo, rangi imefifia, nalo limelala chini vilevile maana msichana huyu ni mbishi. Haliwezi hata kufika nyumbani, analiacha kwa Eliakunda kwenye lami. Lakini ni gari moja.

Bwana amenitoa kwenye kiburi na amemwacha mjukuu wangu hai. Mwaminini, hata wewe uliyefika mahali pa kuona haya kurudi nyuma. Yeye haoni vibaya ukiuliza baada ya amina. Anayechukia kuulizwa ni mwingine.

Na ninyi wenye ndugu Rombo, nawaomba. Ni jekundu, milango miwili, limelala chini, anaendesha msichana. Mkiliona, lisimamisheni. Mwambieni ashuke, na asikilize fundi kabla ya kumsikiliza mtu mwingine yeyote. Kisha mniletee jina lake. Kila siku namwombea, na nimechoka kumwambia Mungu "yule, yule."