Mama Juliana, Adui wa Mpira wa Baiskeli

Imeandikwa na Wema Ngassa, kidato cha tano, kwa ombi la idara ya umeme

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mhandisi Violeth Magesa, yaani Mama Juliana, anastaafu baada ya kuwasumbua wafanyakazi wa mgodi huu kwa miaka ishirini na sita. Waliopona usumbufu huo wameandaa pilau.

Alikuja kutoka Ngokolo akiwa na begi moja la nguo na mawili ya vitabu. Kazi yake ilikuwa kukagua nyaya za msongo mkubwa zinazoshuka chini ya ardhi, hasa ile plastiki ngumu inayozuia umeme usitoke. Mtu mwingine angeitazama, akaona ni nzima, akaenda kunywa chai. Yeye alishikilia kwamba kiputo cha hewa au punje ya vumbi ikibaki ndani, umeme huanza kuila plastiki polepole, ukichora matawi kama ya mti, mpaka siku unapoitoboa na kutoka nje. Aliyaeleza haya kwenye vikao, misibani na kwenye foleni ya chakula. Hakuna aliyemwomba.

Kabla ya kuunga waya, mafundi walinawa mikono na kuvua saa. Karanga zilipigwa marufuku hata karibu na hema la kuzuia vumbi walimofanyia kazi. Fundi Boaz alilalamika kwa niaba ya wote: "Mayu, mama yetu, sisi tunaunga waya, hatukandi chapati!" Alijibiwa kwamba chapati yenye mchanga haiui mtu, akarudishwa kwenye sabuni.

Masika ya mwaka juzi maji yalijaa handakini, na waya wa pampu kuu ukakutwa umechubuka. Boaz hakuwa na muda wa hema wala sabuni. Alifanya kama tufanyavyo wote huku kwa majembe, ndoo na miguu ya vitanda: aliufunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Inasemekana ulipendeza. Akabaki kando ya pampu, maji magotini, akisubiri umeme uwashwe.

Huko juu, Mama Juliana aliposikia kilichotumika, alitia kufuli kwenye swichi na ufunguo akautia mfukoni. Meneja wetu, Bwana Sanket, alimkumbusha kwa sauti ya kusikika hadi mji wa jirani wa Maganzo kwamba maji yanapanda.

"Maji yatavutwa hata kesho, baba. Mtoeni Boaz."

Boaz alipanda akinung'unika. Handaki lilipobaki tupu, Mama Juliana aliupima waya kwa mashine ya majaribio, inayosukuma umeme mkali ndani yake. Mpira wa baiskeli ni mweusi kwa sababu umejaa masizi, na masizi hupitisha umeme. Mlipuko ulisikika kutoka chini, kisha ikapanda harufu ya mpira ulioungua.

Uzalishaji ulisimama siku mbili. Kwa shukrani, cheo cha mhandisi mkuu alichokuwa akikingoja alipewa mtu mwingine.

Katika sherehe kama hii huonyeshwa kazi za mstaafu. Kazi za Mama Juliana hazionekani, kwa kuwa ni ajali ambazo hazikutokea. Ahsante, Mama. Upumzike vizuri Ngokolo, na Mungu awajalie majirani zako uvumilivu.

Tumefanikiwa kupata mfano mmoja tu wa kazi zake. Boaz, weka sahani chini, usimame watu wakuone.