Fomu Niliyoijaza kwa Imani

Bwana asifiwe, kanisa. Asifiwe tena, maana hiyo amina ya kwanza ilikuwa ya watu ambao hawajakunywa chai. Kwa wageni, naitwa Jerusha, Mama Tabitha. Nafanya kazi ya kutunza wazee huko Kingstanding, hapa hapa Birmingham, na nimeabudu hapa miaka sita. Wengi wenu mnanijua kama yule dada ambaye kila ukimwuliza habari anajibu, "Nimebarikiwa." Leo nimesimama kumshukuru Mungu, na kuwaambia kwamba kwa karibu mwaka mzima jibu hilo lilikuwa uongo.

Ndugu zangu, nyumba tuliyokuwa tukikaa Handsworth ilikuwa na ukungu. Si ule wa asubuhi kule kwetu Limuru. Huu ni ule mweusi unaoota ukutani. Niliusugua kwa dawa kila Jumamosi, na kufikia Jumatano umerudi, pale pale nyuma ya kitanda cha mtoto. Tabitha ana miaka tisa na ana pumu. Alikuwa akikohoa mpaka anashika ukuta, na mara mbili tulipelekwa hospitali na ambulensi. Mlimwombea hapa mbele, mkamwekea mikono, nami nikatangaza kwamba amepona. Nyumbani niliendelea kumpa dawa yake ya kuvuta, lakini neno pumu nikalipiga marufuku. Akilitaja tu, namwambia, "Usikiri hayo." Naye ananijibu kwa Kiingereza chake cha Birmingham, "But Mum, I can't breathe," yaani hawezi kupumua. Mungu anisamehe.

Kisha mwenye nyumba akaandika barua. Anauza nyumba, na akatupa tarehe ya kuhama. Nilitafuta kila mahali. Maajenti wa nyumba wakiona ni mshahara wa mtu mmoja na ana mtoto, wanasema nyumba imeshachukuliwa. Dada mmoja kazini akaniambia kaunsili, yaani halmashauri ya jiji, husaidia watu walio karibu kukosa makao, na kwamba kuna msaada wa serikali wa kuongezea kodi ya nyumba kwa mtu ambaye mshahara wake haufiki. Kwanza niliogopa. Nilipokuwa bado na kibali cha kazi tu, kilisema wazi kwamba siruhusiwi kupokea fedha za umma, na woga huo ulikuwa umeniingia kwenye damu. Lakini nilikuwa nimeshapata kibali cha kudumu cha kuishi nchini, na sharti hilo lilikuwa limeondoka. Nilistahili. Nikaketi na simu yangu nikajaza fomu ya kaunsili mtandaoni.

Sasa sikilizeni jinsi mtu aliyeokoka anavyojaza fomu. Wakauliza, kuna mgonjwa katika nyumba yenu? Nikasema moyoni, nikiandika ndiyo nitakuwa nimeukaribisha ugonjwa. Nikaandika hapana. Wakauliza hali ya nyumba. Nikaandika nzuri, maana nilifundishwa tangu utotoni kwamba mtoto wa Mungu hanung'uniki. Wakauliza, ukitoka hapo, una mahali pa kwenda? Hapo nilifunga macho nikaomba, nikayafungua, nikaweka alama kwenye ndiyo. Kwa imani. Nikatuma, kisha nikaimba.

Jibu likaja. Walisema, kwa heshima sana, kwamba kulingana na maelezo yangu sikuwa katika hatari ya kukosa makao, kwa hivyo hawakuwa na wajibu wa kunisaidia kupata nyumba. Zilikuwa zimebaki wiki chache tu. Niliketi kwenye ngazi nikiwa bado na sare ya kazi mwilini, nikamkasirikia Mungu. Ndiyo, nimesema. Nilimwambia, mimi nimekiri mema, mbona wewe umeniaibisha?

Alhamisi nikaibeba hiyo barua kwenye maombi ya akina mama, ili tukemee roho ya kukataliwa. Mama Beatrice, ambaye mnamjua, aliyekuwa nesi miaka mingi kabla ya kustaafu, akasema kabla hatujakemea chochote anataka kuona niliandika nini. Nikamfungulia simu. Akavaa miwani, akasoma yote bila haraka.

"Jerusha, hii ni fomu ama ni wimbo wa sifa?"

"Ni fomu, Mama."

"Tabitha si mgonjwa?"

"Kwa imani, hapana."

"Na mkitoka hapo, mnaenda wapi?"

"Mungu anajua."

"Anajua. Lakini hawakumwuliza yeye, wamekuuliza wewe." Akanirudishia simu. "Hawa watu hawajakukataa, mama. Wamekuamini. Uliwaambia uko sawa."

Akina mama walicheka, nami nikacheka, kisha kicheko kikanigeukia nikalia mpaka kitambaa changu kikalowa. Kwa sababu niliona kitu. Nilidhani nina imani, kumbe nilikuwa na aibu. Nilikuwa naogopa mtu aseme, huyu Jerusha anayetuongoza kwenye sifa, hata nyumba ya kulaza mtoto imemshinda. Hicho ndicho kifungo ambacho Mungu amenifungua, ndugu zangu, kabla hata ya kunipa nyumba.

Muda wa kuomba waangalie upya uamuzi wao ulikuwa bado haujaisha. Mama Beatrice akakaa nami siku mbili tukikusanya vitu: barua ya mwenye nyumba, mkataba wa kupanga, karatasi za mshahara, kibali, barua ya daktari, picha za ule ukuta. Akanisindikiza siku ya miadi. Afisa alikuwa mama wa makamo, mpole, macho yamechoka. Akauliza maswali yale yale. Alipofika kwenye ugonjwa, ulimi wangu ukawa mzito kabisa. Mama Beatrice, kando yangu, akaniachia niseme mwenyewe. Nikasema, "Mtoto wangu ni mgonjwa. Nyumba inamzidishia. Na sina pa kwenda."

Dari haikuanguka, kanisa! Afisa aliandika, akanisogezea karatasi za kupangusa machozi, kisha akauliza kwa nini sikuyasema haya mwanzoni. Nikamwambia nilikuwa naamini.

"Endelea kuamini," akasema. "Lakini kwenye fomu tuandikie."

Uamuzi ulibadilishwa. Kabla ya ile tarehe ya kuhama kufika, tulipata nyumba ndogo Kingstanding, dakika kumi kwa miguu kutoka kazini kwangu. Walitusaidia na amana ya kuingilia, na kila mwezi serikali inaongezea kodi pale mshahara wangu unapoishia. Kuta ni kavu. Nilizipapasa zote siku ya kwanza, Tabitha akiniona kama nimerukwa na akili.

Na Tabitha bado ana pumu. Nalisema neno hilo hapa mbele yenu, nyinyi mlionisikia nikitangaza kwamba imekwisha. Ana pumu, na Mungu ni mwema. Juzi tulishuka kwenye basi, akakimbia mpaka mlangoni akaniacha nyuma na mifuko, na nilipofika alikuwa bado anaongea bila kukohoa. Nilisimama pale nje nikamshukuru Bwana kwa sauti, majirani wakachungulia.

Nawashukuru ndugu mliobeba makochi yangu siku ile ya mvua. Namshukuru Mama Beatrice, na yule afisa namtaja kwenye maombi yangu kila siku ingawa yeye hajui. Zaidi ya wote namshukuru Mungu, ambaye nilimdanganyia watu miezi yote hiyo nikidhani ninamtetea.

Sasa kuna mtu amekaa hapa na barua kwenye mkoba, barua ambayo hajamwonyesha hata mume wake. Dada yangu, kaka yangu, mtumaini Mungu. Mtumaini kiasi cha kusema mambo yalivyo. Baada ya ibada nitakuwa jikoni naosha vikombe. Njoo na hiyo barua. Tutaisoma pamoja mpaka mwisho, halafu ndipo tutaomba.